Muuaji Anapopiga Hodi

Rafiki yako amejificha chumbani kwako. Mlangoni amesimama mtu anayetaka kumuua, naye anauliza: yumo? Useme kweli, au umdanganye? Mwaka 1797 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mzee wa miaka 73 huko Königsberg, alijibu kwamba huna ruhusa ya kusema uongo, hata hapo.

Anayeanza kusoma falsafa ya Magharibi akifika hapa, ama hucheka ama hukasirika. Mimi nilikasirika. Ilinichukua muda kuona kwamba jibu hili, ambalo kila mtu hulisoma kama suala la maadili, limesimama kwa sehemu kubwa juu ya suala la maarifa: mtu anaweza kujua kiasi gani kuhusu yatakayofuata tendo lake?

Ubishi wenyewe haukuanza kama mchezo wa darasani. Aliyeuanzisha ni mwandishi Benjamin Constant, mzaliwa wa Lausanne, Uswisi, aliyeuandikia Ufaransa, miaka michache tu baada ya ule utawala wa vitisho wa Mapinduzi ya Ufaransa, wa 1793 na 1794. Kumficha mtu anayesakwa yalikuwa mambo waliyoyaona watu kwa macho yao. Constant alisema kwamba wajibu wa kusema kweli, ukishikwa peke yake bila mipaka, utaifanya jamii yoyote isiwezekane. Kweli ni deni kwa mwenye haki ya kuidai, na hakuna mwenye haki ya kudai kweli inayodhuru wengine.

Kant alimjibu mwaka huohuo. Wanaomtetea hukimbilia kusema kwamba unaweza kunyamaza tu. Hapana, mwenyewe aliufunga mlango huo: alizungumzia hali ambapo lazima ujibu ndiyo au siyo. Kisha akaleta mfano. Unasema "hayumo", kumbe rafiki ameshatoroka bila wewe kujua. Muuaji anaondoka, anakutana naye njiani, anamuua. Damu hiyo, kwa Kant, ina fungu lako. Ungesema kweli kadiri uijuavyo, pengine majirani wangewahi kumkamata muuaji akiwa bado anapekua nyumba.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wake. Kutojua kunakata pande zote mbili. Ikiwa sijui kama uongo wangu utamwokoa rafiki, sijui pia kama majirani watakuja. Tena David Hume, mwanafalsafa wa Scotland ambaye Kant alikiri mwaka 1783 kwamba ndiye aliyemgutusha katika usingizi wake wa kifalsafa, alikuwa ameshalishughulikia jambo hili mwaka 1748. Kwamba mkate ulinishibisha jana si uthibitisho wa lazima kwamba utanishibisha leo. Ninatarajia hivyo kwa mazoea. Lakini Hume hakuacha kula. Kwake, mwenye busara hupima imani yake kwa uzito wa ushahidi alionao. Na ushahidi uliopo pale mlangoni ni mzito: rafiki yumo ndani, na muuaji amesema anachotaka.

Hata hivyo Kant hakuwa mjinga wa kubahatisha. Hoja yake ya ndani zaidi ni ya lawama. Mtu anayeshika kanuni hawajibiki kwa ajali zitakazofuata, bali anayeiacha kwa sababu amejiaminisha kwamba anayajua matokeo, huyo amejitwisha matokeo yote, pamoja na yale asiyoyatarajia. Ukiliweka hili mikononi mwa raia mwenye hofu mlangoni, linaonekana ukatili. Liweke mikononi mwa ofisa anayewaficha wananchi habari za ugonjwa "ili wasitaharuki", uone linavyobadilika sura. Constant anasema kweli ni kwa mwenye haki nayo. Sawa, lakini nani anaamua? Karibu kila mara ni mwenye kudanganya. Kwenye swali hili sijaona Constant akitoa jibu la kutosha.

John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1861 alijaribu kupita katikati. Kwa waliosema kwamba mtu hana muda wa kukokotoa matokeo kabla ya kila tendo, alijibu kwamba mabaharia hawaanzi kupiga hesabu za nyota baharini. Wanasafiri na kitabu kilichokwisha kukokotolewa. Binadamu nao wamejifunza kwa karne nyingi kwamba uongo huharibu, ndiyo maana kanuni ipo. Isipokuwa, akaongeza, pale kumficha mhalifu habari kunapomwokoa mtu na dhuluma kubwa. Ni jibu la akili, ila ninaona limeazima nguvu ya Kant bila kulipa gharama yake: ukishaandika orodha ya visa vinavyoruhusiwa, kila mwongo atatafuta jina lake humo.

Mlango huu umebishwa hodi karibu nasi pia. Mwaka 1994, huko Ruhango nchini Rwanda, Zura Karuhimbi aliwaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake. Wauaji walipofika, aliwatisha kwamba ni mchawi na kwamba mizimu ingewashukia wakithubutu kuingia. Alijipaka majani yanayowasha, ili anayemgusa aamini. Ulikuwa uongo, wala si wa neno moja la "hayumo". Alicheza mchezo mzima wa kuigiza.

Kant angemwambia kwamba hakujua kama ungefaulu. Ni kweli, hakujua. Alichokijua ni kitu kingine ambacho mfano wa Kant hauna nafasi nacho: aliwajua wanaume waliosimama mlangoni, na aliijua hofu yao.