Maskini Gani Mwenye Dola Milioni 100?

Kila mwisho wa Agosti msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo ukianza, kuna mtangazaji atalegeza sauti atusimulie habari za "kachuo kadogo binafsi" kanavyopambana na majitu ya vyuo vya umma kama Alabama na Ohio State. Nimezoea. Ila safari hii wimbo huo umeingia hadi kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Dallas, tena kwa herufi kubwa: MASKINI SMU, WANAJITAHIDI. SMU ni Southern Methodist, chuo binafsi cha hapahapa Dallas. Maskini! Nilijibu palepale, nikaambiwa nina hasira. Basi nimalizie hapa.

Anayemwita SMU maskini hajapita Bishop Boulevard, barabara ya chuoni kwao, siku ya mechi. Mahema yamejaa kwenye nyasi, na wenyewe wamevalia kama wanakwenda kuposa. Nilipita pale na mwanangu, tukaitwa, tukashibishwa nyama na watu ambao hata majina yao hatukuyajua. Kwa ukarimu sina neno nao. Neno langu liko kwenye pesa.

Miaka ya 1980 matajiri wa SMU walikuwa wakiwalipa wachezaji kisirisiri. Wakakamatwa, wakaadhibiwa, wakaendelea kulipa. Mwaka 1987 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikafuta msimu wao mzima, adhabu ambayo watu wa huku mpaka leo wanaiita hukumu ya kifo. Mwaka 1988 chuo chenyewe kikaamua kutocheza. Kinachoniudhi zaidi ni Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, aliyekuja kukiri kwamba bodi iliridhia malipo yaendelee. Alipokiri alikuwa gavana wa Texas! Wachezaji wakatawanyika kutafuta vyuo vingine. Mheshimiwa akamaliza kipindi chake.

Sasa njoo 2023. SMU anataka kuingia ligi ya ACC, na ili akubaliwe anasema yuko tayari kukaa miaka 9 bila mgawo wa pesa za televisheni za ligi. Miaka 9! Chuo gani cha umma kingethubutu kupeleka hesabu hiyo mbele ya wabunge wa jimbo? Wafadhili wakachanga dola milioni 100 ndani ya wiki moja. Sisi kwenye kundi lilelile la WhatsApp, akifariki mtu, tunasukumana na kukumbushana mpaka aibu ndipo ipatikane pesa ya kusafirisha mwili nyumbani. Halafu mtu wa kundi hilohilo ananiambia mimi nimwonee huruma SMU.

Msimu wao wa kwanza ACC, 2024, walishinda mechi zote za ligi, wakafungwa na Clemson 34-31 kwenye fainali, na bado wakaingia mchujo wa ubingwa wa taifa huku Alabama ikiachwa nje. Penn State iliwachapa 38-10, sawa, lakini walikwishafika. Na tangu Julai 2025 chuo kinaruhusiwa kumlipa mchezaji moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza kikomo kiliwekwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo. Kilichowaua 1987 leo kina bajeti na mhasibu.

Haya, Vanderbilt, chuo binafsi cha Nashville, nawaachia kidogo. Tarehe 5 Oktoba 2024 walimfunga Alabama, aliyekuwa namba moja kitaifa, 40-35, mashabiki wakang'oa milingoti ya goli, wakaipitisha mitaani Nashville mpaka kuitumbukiza mto Cumberland. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ila hata hao wamo SEC, ligi ya Alabama, tangu inaanzishwa, na fungu la televisheni wanagawiwa pamoja na wakubwa. Notre Dame, binafsi pia, sina haja ya kuwataja. Wana mkataba wao wenyewe na televisheni ya NBC tangu 1991.

Chuo binafsi kilichoona mchezo huu si wake kilitoka. Chuo Kikuu cha Chicago, kilichotoa mshindi wa kwanza kabisa wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, Jay Berwanger, mwaka 1935, kilifuta timu 1939. Miaka 3 baadaye, chini ya majukwaa ya uwanja uleule, Enrico Fermi na wenzake wakafanikisha mnyororo wa kwanza wa mpasuko wa nyuklia. Sijasikia mtangazaji akiwalilia.

Na kama ni huruma, wapeni wachezaji wa Northwestern wa 2014. Waliomba kuunda chama cha wafanyakazi, na njia ilikuwepo kwa sababu chuo ni binafsi: sheria ya kazi ya taifa inawagusa waajiri binafsi, haivigusi vyuo vya majimbo. Ofisa wa bodi ya kazi pale Chicago akasema ndiyo, hawa ni waajiriwa. Kura zikapigwa, masanduku yakafungwa yakisubiri rufaa. Agosti 2015 bodi kuu ikasema haitaki kuliingilia suala hilo. Kura zile hazikuhesabiwa. Wale ndio walioonewa, na walioonewa na chuo binafsi chenye pesa zake.

Mkataba wa kocha wa chuo cha umma, mwandishi wa habari anauomba na sheria inamsaidia kuupata. Wa vyuo binafsi kama SMU au USC ya Los Angeles unabaki kabatini. Tunachoona ni fomu za kodi, nazo zinakuja habari zikiwa zimekwisha kuchacha. Waanike mikataba hiyo, pamoja na majina ya waliochanga ile milioni 100 na kila mmoja alitoa ngapi. Wakishafanya hivyo, anayetaka kuniandikia MASKINI aniandikie, nitamsoma.