Sikuiba Madafu: Maelezo Kamili ya Tukio la Jumamosi

Kwanza kabisa naomba ieleweke kwamba sikuiba madafu. Video ile ya sekunde 19 inayozunguka tangu Jumamosi jioni, inayomwonyesha mtu mwenye panga akigonga kioo cha gari huku dereva amejikunyata ndani kama kifaranga aliyeona mwewe, ni ya kweli, na dereva huyo ni mimi. Lakini maneno yaliyoandikwa chini yake, kwamba mwizi wa madafu amenaswa Sinza, ni utunzi wa swahiba wangu mmoja ambaye, badala ya kuvuka barabara aje kuniokoa, aliona heri atoe simu mfukoni. Leo ni Jumanne, na kwa kuwa hata mama wa genge la mtaani kwetu ameniuliza asubuhi kama madafu yamepanda bei, nimeamua kuandika mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Gari si langu. Ni la mjomba, Toyota IST ya rangi ya fedha ambayo viti vyake vingali na nailoni, na nyuma, chini ya kioo, pamewekwa boksi la tishu lililovikwa kitambaa alichokifuma mkewe kwa mkono. Likumbukeni boksi hilo. Kabla ya kunikabidhi ufunguo, mjomba alinizungusha gari zima mara mbili, akilipapasa kila kona kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, akanionyesha mshale wa mafuta ulipoishia, kisha akasema, "Mpwa wangu, gari hili halijui shida." Kwa woga nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili.

Sitaficha sababu ya kuliazima. Kwenye harusi ya mwenzetu mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ndogo ya usafiri, na mwenyekiti wa usafiri anayewasili kikaoni kwa bajaji huwa amekwisha kujibu maswali yote kabla hayajaulizwa.

Kikao kilikwisha salama. Nilipotoka nje nilikuta upande wangu wa kushoto, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, pameegeshwa Canter lililosheheni saruji, na njia pekee ya kutoka ilikuwa kurudi nyuma. Nikawasha gari. Yule mama wa Kijapani anayekaa ndani ya dashibodi za magari haya akasema maneno yake marefu ya upole, nami nikamwitikia ahsante, kama nilivyofanya tangu asubuhi. Nikatia gia ya rivasi, nikatazama kioo cha pembeni, nikamwona kijana aliyevaa kizibao cha manjano amesimama nyuma yangu akipunga mkono.

"Njoo! Njoo, njoo, njoo!"

Nilifarijika sana, na hata noti ya 1,000 nikaanza kuitafuta kwa mkono mmoja. "Kata kulia!" Nikakata kulia. "Bado, bado, una nafasi ya kulaza kitanda!" Nikaongeza mwendo kidogo, kwa sababu mtu anayekuhakikishia nafasi ya kitanda hastahili kucheleweshwa. Kilichonitatiza ni kwamba hakuwa akinitazama mimi. Macho yake yalikuwa ubavuni, tena juu, mahali ambapo IST haifiki, lakini nikasema huenda kijana wa watu ana makengeza na si vizuri kumkodolea. (Wewe ambaye umekwisha kuelewa, nyamaza, waache wengine wafike.)

Alikuwa akiliongoza Canter.

Sauti ya kwanza haikuwa kishindo. Ilikuwa "nyaku", sauti ndogo ya kitu chenye maji kilichokubali yaishe. Nyuma yangu palikuwa na nguzo ya bango, kwenye nguzo pameegemezwa baiskeli, na kwenye baiskeli palikuwa na madafu yaliyopangwa kwa ustadi mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima. Mguu wangu ukaenda kutafuta breki, ukapitia kwenye mafuta, na hapo ndipo kilipokuja kishindo chenyewe. Kioo cha nyuma kikalowa. Halafu madafu yakaanza kushuka, si kwa pamoja, bali moja baada ya jingine, kwa adabu, kama watu wanaotoka msikitini. Yakapita pembeni ya mlango wangu, yakaelekea barabarani, na moja likaenda likasimama chini ya bajaji ambayo dereva wake aliinama akalitazama, kisha akanitazama mimi.

Ndipo nikaona panga kwenye kioo. Nilianza kuona panga, kisha mkono, kisha mwenye mkono, akija bila haraka.

Nilibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Milango ikajifunga, vizuri. Vipangusio vikaanza kufagia kioo kikavu. Honi ikalia yenyewe. Na kioo cha mlango wa nyuma, kwa sababu ninazozijua mimi na vidole vyangu tu, kikashuka mpaka mwisho. Yule bwana akafika, akagonga dirisha langu kwa mpini wa panga, taratibu. "Bosi." Nikaangalia mbele. "Bosi, fungua." Nikaendelea kuangalia mbele, nikisoma kimoyomoyo kila dua niliyowahi kufundishwa, ikiwamo ile ya kabla ya kula. Video inakatikia hapo. Haionyeshi kwamba aliliona lile dirisha lililo wazi, akaingiza kichwa, akaninyoshea dafu lililopasuka, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "Kaka, shuka unywe, maji yanamwagika bure."

Panga alikuwa nalo kwa sababu alikuwa akimkatia mteja.

Mengine yalikwenda mbio. Trafiki alifika, akaeleza habari za PF 90, ile fomu ya polisi ya ajali, na hapo nikajifunza kwamba bima ya mjomba ni ile ndogo, ambayo humlinda mwenzako na si wewe, maana yake kwenye ajali ile kilichokuwa na bima ni madafu. Tukaelewana palepale: madafu 14 kwa 1,500, yaani 21,000, pamoja na ringi na spoki za baiskeli. Taa ya nyuma niliipata Ilala, imetumika, nyekundu yake ikiwa na kiburi kidogo kuliko ya mwenzake. Fundi akaipasha bampa moto ikarudi, isipokuwa vibonyeo vitatu vya mviringo ambavyo alisema havionekani usiku.

Nilipanga kulirudisha gari usiku. Kumbe video ilikuwa imekwisha kufika kwenye kundi la ukoo, na mjomba alikuwa wa kwanza kucheka, akaandika, "Wezi wa siku hizi hawana hata aibu." Baada ya dakika sita, muda ambao bila shaka aliutumia kuirudia mpaka akaliona boksi la tishu, akaandika tena: "Kile kitambaa."

Gari nimelirudisha, na kuhusu maneno tuliyoongea naomba yabaki ndani ya ukoo. Jana nilikwenda kumsalimu kwa miguu, na kabla sijafika getini nikamwona amesimama barazani, mkono juu, akinipungia.

"Njoo, njoo, bado! Kata kulia!"