Alipohesabu Mwenyewe Hadi Laki Moja

Ile video ya MrBeast, yule Mmarekani wa YouTube, akihesabu hadi laki moja sijaitazama yote, na sidhani kama wapo wengi walioimaliza. Inakaribia saa 24, tena baada ya sehemu nyingine kuongezwa kasi ili itoshe, maana kazi yenyewe ilimchukua zaidi ya saa 40. Nilitazama mwanzo, nikaruka hadi elfu ishirini na kitu, nikaruka tena, na tena. Kila nilipotua nilimkuta palepale: kijana mbele ya kamera, anataja namba. Ilikuwa Januari 2017. Jimmy Donaldson, ndilo jina halisi la MrBeast, alikuwa na miaka 18, mkazi wa Greenville, North Carolina, na alikuwa ameweka video YouTube kwa karibu miaka mitano bila dunia kumjua.

Wiki iliyopita nilikaa mezani nikajaribu mwenyewe, si laki, elfu moja tu. Kiswahili hakimhurumii mtu anayehesabu. Tisa ni silabi mbili, inapita kama upepo, lakini mia saba sabini na saba ni silabi kumi, na zote lazima zitoke. Hadi mia mbili mdomo ulikuwa unajiendea. Kwenye mia nne koo likaanza kukauka. Nilipofika mia sita arobaini na kitu nikasita: hii arobaini na tatu nimeshaisema, au ndiyo nilikuwa naelekea kuisema? Nikarudi nyuma namba kumi ili nisidanganye. Kuanzia mia nane maneno yalikuwa yameshapoteza maana. Sabini na themanini zikawa zinagongana mdomoni, ulimi unasema huku akili iko kwingine, na ghafla nashtuka sijui nimefika wapi. Nilimaliza baada ya karibu nusu saa, kichwa kizito. Kumbe ningetaka kumfikia yeye, zilikuwa zimebaki elfu tisini na tisa, na huko mbele kila namba ingekuwa na karibu silabi ishirini.

Baada ya zoezi hilo nilimheshimu Donaldson kwa namna ambayo umaarufu wake wote haukuwahi kunifanya nimheshimu. Nikaelewa pia kitu kilichokuwa kikinikera kwa muda mrefu kuhusu video zake za siku hizi, ambacho sikuwa nimeweza kukisema.

Video ya kuhesabu haina ujanja. Unaweza kuburuta ule mstari wa chini hadi popote, na popote utakapotua kuna mtu anayetaja namba inayofuata ile iliyopita. Anayeteseka ndiye aliyeamua kuteseka, ndiye mwenye kamera, ndiye mwenye chaneli, na mwili unaochoka ni wake. Akitaka kusimama, hakuna anayepoteza isipokuwa yeye. Baadaye alihesabu hadi laki mbili, akasoma kamusi nzima kwa sauti, akakaa na kile kidude cha kuzungusha kidoleni kwa saa 24. Unaweza kusema ni upuuzi, na sitabishana nawe sana, lakini ulikuwa upuuzi alioulipia kwa mgongo wake mwenyewe.

Halafu zikaja fedha. Mwaka huohuo wa 2017 alipata mdhamini, akampa mtu asiye na makazi dola 10,000 mbele ya kamera, na chaneli ikabadilika. Haikupita miaka mingi ndipo zikashamiri zile chalenji ambazo wengi wetu tunamjua nazo: watu wanaingizwa ndani ya duara lililochorwa chini, wa mwisho kutoka anaondoka na dola 500,000, watu wanaweka mkono juu ya ndege binafsi, wa mwisho kuondoa mkono ndege ni yake. Uvumilivu ukabaki palepale, ila aliyevumilia akawa mtu mwingine.

Wamarekani walishapita njia hii miaka 100 iliyopita, na kwa mpangilio uleule. Machi 1923 mwalimu wa dansi aitwaye Alma Cummings alicheza saa 27 mfululizo katika ukumbi mmoja wa New York, akawachosha wenzake sita waliokuwa wakipokezana kucheza naye. Alifanya mwenyewe, kwa miguu yake, ili aweke rekodi. Lakini mapromota waliona kitu. Miaka michache baadaye, na hasa uchumi ulipoporomoka kuanzia 1929, mashindano ya kucheza bila kukoma yakawa biashara nchi nzima. Watazamaji walilipa kiingilio kuwatazama watu waliokuwa hawana kazi wakicheza dakika 45, wakipumzika 15, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, mmoja amelala begani kwa mwenzake huku miguu ikiendelea kujivuta ili asitolewe. Wengine waliingia kwa sababu ndani kulikuwa na chakula na paa. Miji na majimbo kadhaa yaliishia kuyapiga marufuku.

Kwa hiyo naona koo mbili katika historia ya maonyesho ya uvumilivu. Upo ukoo wa wanaofanya wenyewe. Humo yumo Alvin Kelly, aliyekaa juu ya mlingoti siku 49 kule Atlantic City mwaka 1930, na yumo David Blaine, aliyekaa siku 44 bila chakula ndani ya sanduku la kioo lililoning'inizwa kando ya mto Thames, London, mwaka 2003. Na upo ukoo wa promota, anayesimama pembeni na bahasha. Donaldson alizaliwa katika ukoo wa kwanza, na ni huo wa pili uliomfanya kuwa na chaneli inayofuatwa na watu wengi kuliko zote YouTube, tangu alipoipita T-Series, kampuni ya muziki ya India, Juni 2024.

Nimjibu mapema anayesema kwamba washiriki ni watu wazima, wamesaini kwa hiari, na fedha zile zinabadilisha maisha. Ni kweli zinabadilisha. Mshindi wa msimu wa kwanza wa Beast Games, kipindi cha mashindano alichokitengenezea Amazon, aliondoka na dola milioni 10, na alikuwa baba wa mtoto mwenye ugonjwa adimu. Siwezi kukaa hapa nikasema yule baba hakupaswa kuzipata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tumelelewa na methali hiyo. Ila methali haisemi chochote kuhusu mtu aliyekiweka kitu mvunguni kwa makusudi, akakishusha kitanda, kisha akawasha taa na kamera ili tuone mwenzetu atainama kiasi gani.

Na kuinama huku kuna hatari isiyoonekana kwenye picha. Huko Longview, Texas, kulikuwa na shindano la kila mwaka, lilelile la kuweka mkono kwenye gari: pikapu mpya, watu wameizunguka, wa mwisho kuondoa mkono anaondoka nayo. Watu walisimama siku mbili, tatu, zaidi. Mwaka 2005 mshiriki mmoja aliliacha shindano akiwa amekesha muda mrefu, na muda mfupi baadaye akajiua. Shindano likaishia hapo. Simaanishi kwamba kila anayeshika gari kwa saa 50 yuko ukingoni. Ninachosema ni kwamba mtu asiyelala hana tena akili ileile aliyosaini nayo fomu. Guinness wenyewe waliacha kupokea rekodi za kukaa bila kulala kwa sababu ya hatari zake kiafya. Ile hiari tunayoitaja ilitolewa saa ya kwanza na mtu aliyepumzika, kisha inatumiwa saa ya arobaini na mtu mwingine kabisa aliyemo ndani ya mwili uleule.

Beast Games yenyewe ilikuja na malalamiko kabla hata haijaonyeshwa. Septemba 2024 washiriki watano ambao majina yao hayakutajwa walifungua kesi Los Angeles, wakidai pamoja na mengine kwamba hawakupewa chakula cha kutosha wala muda wa kutosha wa kupumzika. Msemaji wa upande wa waandaaji alikuwa ameshaeleza kwamba upigaji picha wa mwanzo, uliofanyika Las Vegas, ulivurugwa na hitilafu ya kompyuta iliyosababishwa na CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, hali mbaya ya hewa na matatizo ya mipango. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini ukikusanya watu 2,000 mahali pamoja kwa ajili ya mchujo wa uvumilivu, chakula na usingizi ndiyo kazi yenyewe, na vilipaswa kuwa vimepangwa kabla ya taa ya kwanza kuwashwa.

(Visima alivyowachimbia watu na upasuaji wa macho aliowalipia siviingizi hapa. Hilo ni jambo jingine, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mtu aliyepata maji hana sababu ya kusubiri tumalize kuchunguza nia ya aliyeyaleta.)

Kinachoniuma zaidi kuliko hata fedha ni muda. Novemba 2023 Donaldson alizikwa hai siku saba ndani ya jeneza. Hapo nampa haki yake: alifanya mwenyewe, kama alivyofanya mwaka 2021 alipozikwa saa 50, na mtu mwenye utajiri wake angeweza kumlipa yeyote aingie badala yake. Lakini siku saba ni dakika 10,080, na video aliyotupa haifiki dakika 20. Kwa kila dakika tuliyoiona, zaidi ya 500 zilikatwa. Tunamwona analala, tunamwona analalamika mgongo, tunamwona anatoka. Yale masaa ya katikati ambayo hakuna kilichotokea, ambayo ndiyo uvumilivu wenyewe, hayapo. Mhariri ameyatoa kwa sababu sisi watazamaji tungeondoka, na hapo siwezi kumlaumu mhariri peke yake wakati mimi mwenyewe niliruka hadi elfu ishirini. Lakini angalau 2017 nilikuwa na kitu cha kuruka. Muda ulikuwepo wote, umewekwa mezani, na kidole changu kikauonea aibu.

Muda ukikatwa, mateso ya mtu yanaonekana mepesi. Katika video moja ya Desemba 2023, mwanamume mmoja aliishi ndani ya duka kubwa la vyakula, akilipwa dola 10,000 kwa kila siku aliyobaki, kwa sharti kwamba kila siku atoe nje bidhaa za thamani hiyohiyo. Mwanzoni inafurahisha: anajijengea chumba, anapanga makopo, anahesabu faida. Kisha rafu zinaanza kuwa tupu, na inayokosekana ni familia. Aliondoka baada ya siku 45 na dola 450,000. Kwenye skrini uamuzi ule unakuja kama kufumba na kufumbua. Nimejaribu kufikiria siku ya 31, siku ambayo hata haikumbukwi na yeyote, mtu anasukuma toroli katikati ya rafu zenye mwanga mweupe usiozimwa akilini, akipiga hesabu ya familia na hesabu ya fedha kwa pamoja. Ningetaka kuiona siku ile. Naamini watoto wanaoiga video hizi wangeelewa kitu tofauti kabisa kama nao wangeiona.

Maana wanaiga. Kila mwenye simu na wafuatiliaji mia mbili siku hizi anakaa mubashara siku nzima bila kulala, anakaa ndani ya boksi, anakaa ndani ya barafu. Hana daktari, hana wasaidizi, hana mhariri. Anachokijua kuhusu saa 50 ni dakika 15 zenye muziki.

Kwa hiyo nina ya kuomba, na ninaomba kwa dhati kwa sababu naamini Donaldson ndiye pekee mwenye nguvu ya kubadilisha aina hii ya video. Saa ya kuhesabu muda ibaki kwenye skrini mwanzo hadi mwisho, ili tujue lini wamekata na wamekata kiasi gani. Washiriki walale, na idadi ya saa walizolala isemwe wazi. Awepo daktari mwenye mamlaka ya kumtoa mtu bila kumuuliza promota, na anayetolewa na daktari asiondoke mikono mitupu, kwa sababu ukimwambia mtu achague kati ya afya yake na nusu milioni tayari umeshamchagulia. Na rekodi kamili ziwekwe mahali, hata kama watakaozitazama ni watu kumi.

Kisha ningependa arudi kwenye kile kiti. Mara moja tu, bila bahasha, bila mamia ya watu waliojipanga kwenye namba, bila kukata. Atafute kitu kingine cha kuhesabu, kamera iwashwe, iachwe ikienda. Safari hii sitaruka. Nitaweka chai pembeni, na kila nitakaposhindwa kuendelea nitaisimamisha video, nilale, kisha nirudi kesho yake kwenye namba ileile niliyoiachia.