Kevin Briggs, wavu wa chuma na ba-rulaji wetu wa Lubumbashi

Kule California kuna polisi wa barabara kuu, Kevin Briggs, aliingia kazini 1990 akastaafu 2013, na miaka mingi zamu yake ilikuwa daraja la Golden Gate pale San Francisco, mahali watu waliokata tamaa walikuwa wanaenda kumaliza maisha yao. Silaha hakutumia, alikuwa anaongea nao, hasa anasikiliza, na inasemekana zaidi ya watu 200 walirudi upande wa uzima. 2005 alikaa na kijana mmoja, Kevin Berthia, dakika 92, na sehemu kubwa ya muda huo mwenye kusema alikuwa kijana. 2013 Berthia huyohuyo ndiye akamkabidhi tuzo ya shirika linalopigana na kujiua. Briggs mwenyewe anasema pia kuna wawili aliowapoteza mikononi, na mimi namheshimu zaidi kwa kulisema hilo.

Sasa wapo wanaosema kumsifu polisi mmoja ni kufunika uzembe wa wakubwa. Hoja yao ina uzito jamani. Daraja lilifunguliwa 1937, wavu wa chuma wa kuzuia watu ukakamilika mwanzoni mwa 2024, yaani miaka zaidi ya 80 watu wanabishana juu ya sura ya daraja na pesa huku familia zinazika, mpaka wazazi waliofiwa ndio wakasukuma. Zamani walikuwa wanapotea zaidi ya 30 kwa mwaka, 2024 wakashuka chini ya 10. Polisi gani ataweza hivyo? Polisi anaumwa, analala, anastaafu.

Ila kwa Berthia wavu haukuwepo. Angengoja vikao hadi 2024, leo tungekuwa tunamtaja marehemu. Kwa hiyo sikubali kabisa wanaosema tuzo ni kelele tupu, ile saa moja na nusu haikuwa na mbadala.

Nikirudi huku L'shi, yaani Lubumbashi kwetu Kongo, ba-rulaji, polisi wa barabarani, tunawajua kwa kusimamisha taksi na manseba (pikipiki za abiria), matabishi (hongo), kelele, na malalamiko ya watu ni ya haki. Lakini umeme ukikatika, taa zikizimika, mvua inapiga, kuna mwingine anasimama katikati ya kruazma (njia panda) anavusha watoto wa shule na makamiyo (malori) ya Kasumbalesa, kule mpaka wa Zambia, yanampita karibu kabisa, na huyo hakuna anayemtaja. Wengine watasema ukimpa medali wenzake wataitumia kujisafisha, kweli hatari hiyo ipo, ndio maana ipewe kwa tendo lenye mashahidi, siku na mahali, isipewe kikosi kizima kwenye sherehe.

Na mimi naona kila ushujaa wa polisi unaonyesha kitu kilichokosekana mahali pale. 2019 kule jimbo la Lualaba kamiyo ya asidi iliingia kwenye ajali ikaua watu karibu 20, na pale hata polisi jasiri angefika amechelewa, ilihitajika sheria ya mwendo, breki zilizokaguliwa, na barabara isiyopitisha asidi kati ya mabasi na vijiji. Kwa hiyo siku gavana anamvalisha mtu medali, karatasi ileile iandikwe kwa nini alilazimika kuhatarisha maisha yake, nani alipaswa kurekebisha pale, na mwisho ni tarehe gani. Na mshahara wake ufike mwisho wa mwezi kama wa wengine.