Dayodi ya Schottky, mita ya fundi na hesabu ya kompyuta

Fundi sola mmoja hapa Tabora alifungua kisanduku cha nyuma ya paneli, akatoa dayodi ya Schottky, yaani kifaa cha kupitisha mkondo upande mmoja kilichoundwa kwa kugusanisha metali na semikondakta kama silikoni, na kuipima kwa mita: volti 0.2 hivi, ilhali dayodi ya kawaida ya silikoni husoma karibu 0.6. "Jibu ndilo hilo," alisema, "kompyuta itaniongezea nini?" Hoja yake haibezeki. Programu ya kompyuta inayotumia mbinu ya elementi finiti huyagawa makutano ya metali na semikondakta katika vipande vidogo na kutatua milinganyo ya vyote kwa pamoja, lakini kimo cha kizuizi kinachozuia elektroni, mara nyingi, huingizwa na mtumiaji mwenyewe.

Na kimo hicho hakikosewi bure. Kanuni ya Schottky na Mott, inayokadiria kimo hicho kwa sifa za metali na semikondakta peke yake, huipa alumini juu ya silikoni ya aina ya n (iliyoongezewa elektroni) kizuizi kisichofika elektroni-volti 0.3 (kipimo cha nishati ya elektroni), wakati vipimo hutoa karibu 0.7; mwaka 1947 mwanafizikia John Bardeen alieleza kuwa elektroni zilizonaswa usoni mwa semikondakta huivuruga hesabu hiyo. Katika nyuzi 27, kosa la elektroni-volti 0.06 tu katika kimo hicho hubadilisha mkondo mara kumi, la 0.12 mara mia, na la 0.4, kama hilo la alumini, mara mamilioni. Hapo picha zenye rangi za programu zinabaki kuwa pambo.

Hata hivyo mita husoma jumla, nayo haisemi kama mkondo unavuja usoni kote au kwenye ukingo wa metali, ambako uga wa umeme husongamana. Tena chukua kivuli cha mwembe kwenye paneli: kikiwapo, dayodi hupitisha mkondo kuzunguka sehemu yenye kivuli na kupata moto, kikiondoka, inabanwa na volti ya kinyume ingali moto. Kwa kizuizi cha 0.7, kutoka nyuzi 27 hadi 77 mkondo unaovuja huongezeka zaidi ya mara sitini, nao huongeza joto, na joto huuongeza tena. Kama mzunguko huo utatulia au utaiunguza dayodi, utajua kwa kutatua joto na umeme kwa pamoja, la sivyo uziunguze dayodi zenyewe, na dayodi ni pesa.

Kimo cha kuanzia hesabu hiyo chaweza kupatikana mezani kwa fundi yuleyule, kwa kupima mkondo unaovuja katika nyuzijoto mbili zinazojulikana.