Taa Yangu Inawakwepa Mafundi

Nianze kwa kusema gari langu ni jipya. Msinicheke. Najua limezaliwa Japani miaka 14 iliyopita, najua kuna Mjapani amelikalia mpaka kiti kikachukua umbo la makalio yake. Lakini lilipotoka bandarini Dar es Salaam lilipewa namba ya usajili ya herufi E, na hapa Mwanza mwenye namba E ana gari jipya. Mwenye namba A anakuja kuliangalia jioni, anapiga tairi teke kidogo, anasema "siyo baya," anarudi kwake kimya.

Siku ya kwanza nimewasha, gari likaongea. Sauti ya dada, laini, Kijapani kitupu. Watoto wa jirani walikimbia kuwaita mama zao. Baadaye kijana mmoja akanieleza kwamba yule dada anakumbusha tu kuwa kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Yaani kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, nadaiwa kadi ya Japani nikiwa juu ya majabali ya Mwanza. Nikazoea. Redio nayo inakamata masafa ya kwao, mwisho 90, kwa hiyo stesheni nyingi za huku nazisikilizia kwenye bajaji za watu. Nikazoea pia. Nilichoshindwa kuzoea ni taa.

Ipo pale kwenye dashibodi, rangi ya chungwa, umbo la helikopta iliyokatwa panga. Ndiyo taa ya cheki injini. Iliwaka mara ya kwanza Jumapili jioni, napandisha kwenda nyumbani. Asiyeijua Mwanza nimfahamishe: wageni wanapiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani na kushangaa, sisi majabali ya namna hiyo tumejenga katikati yake kama pimbi. Njia yangu ya nyumbani ni mawe, mtaro, mawe, kisha kona ambayo ukiikosea unaingia sebuleni kwa mtu.

Nikasimama. Nikafungua boneti, nikaangalia injini. Sijui nilikuwa naangalia nini. Nadhani mwanaume akifungua boneti anatafuta mahali palipoandikwa "ni hapa". Nikagusa hiki, nikatikisa kile, nikaungua kidole, nikafunga.

Jumatatu inawaka. Jumanne inawaka. Nikapanga Jumamosi niende gereji, maana siku za kazi bosi wangu haelewi habari za taa. Jumamosi asubuhi nawasha gari, dada kadai kadi yake, taa zote zimewaka kama kawaida, zimezima. Na ile ya chungwa imezima nazo. Safi. Kimya. Kama haijawahi kuwepo duniani.

Nikaenda hivyo hivyo.

"Bosi, tatizo nini?"

"Kuna taa ilikuwa inawaka."

"Iko wapi?"

"Imezima."

Fundi aliniangalia kama daktari anavyomwangalia mtoto aliyeumwa tumbo siku ya mtihani, akapona saa nne. Akaniambia nikaitumie, ikiwaka nirudi. Jumapili jioni, kwenye mawe yaleyale, ikawaka.

Mchezo ukawa huo. Siku nikiwa na nafasi, imezima. Siku nikiwa na haraka, inawaka. Siku nimempakia mama mkwe kwenda msibani Sengerema, iliwaka katikati ya Daraja la Magufuli. Kilomita 3 za daraja, maji kulia, maji kushoto. Enzi za kivuko pale Kigongo ungezima gari, ukanunua karanga, wewe na injini mkapumzika mpaka Busisi. Siku hizi tunapita juu kwa dakika chache, hakuna pa kujificha. Mama mkwe akasogeza kichwa.

"Baba, hiyo taa ni ya nini?"

"Ni ya kuonyesha gari linatembea, mama."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Msibani nikasikia anawaelezea wenzake kuwa gari la mkwe wake lina taa ya kuonyesha linatembea.

Lakini nisionekane mjinga kabisa, somo la taa nimelipata, kwa ada. Ile nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone ni ya oili. Ikiwaka unatembea, simama hapohapo, hata kama ni mbele ya geti la mtu unayemdai, maana injini isiyozungukwa na oili haichukui muda kufa. Hii ya chungwa ikitulia, unaweza kwenda taratibu ukapime. Ikianza kukonyeza, yaani inawaka na kuzima harakaharaka, punguza mwendo ukae pembeni: injini inamisi, yaani kuna silinda haichomi mafuta, na mafuta ambayo hayajaungua yanakwenda kuunguza masega, kile kisafisha moshi kule kwenye ekzosi. Sasa yangu haikonyezi. Inakuja, inakaa siku tano, inaondoka bila kuaga. Hiyo siyo taa, hiyo ni shemeji.

Fundi wa pili alikuwa na kompyuta. Mafundi wa kompyuta wanajijua, hata kusalimia wanasalimia kwa sauti ya chini. Akainama chini ya usukani, akachomeka mashine yake kwenye kile kitundu chenye pini 16 ambacho mimi siku zote nilidhani ni cha kuchajia simu za Wajapani. Nikamwambia kwa huzuni kwamba taa imezima, hatakuta kitu. Akacheka. Kumbe gari likipita safari 3 bila kuona kosa, taa inazimwa, lakini kosa lenyewe linabaki limeandikwa ndani. Na kweli, likatokea: P0135. Jamani, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja. Gari limekiri! Mimi si mwongo! Nikampigia simu mke wangu kumsomea namba.

"Sasa ndiyo limepona?" akauliza.

Halijapona. P0135, kwa maelezo yake, ni saketi, yaani njia ya umeme, ya hita ya sensa ya oksijeni, ile ya mbele inayopima moshi wa injini. Mimi nikasikia "sensa", yeye akasikia "sensa", tukakubaliana sensa, elfu 120. Akafunga, akafuta kosa, taa ikazima mbele ya macho yangu. Sensa ya zamani ikabaki kwake, sijui kwa nini sikuichukua. Jumapili jioni, kwenye mawe, ikawaka.

Wa tatu akasema plagi. Elfu 60, plagi nne. Wa nne akasema niliwekewa mafuta machafu sheli, akasafisha nozeli, elfu 30, na akanishauri nibadilishe sheli, ushauri ambao ni bure kwa hiyo nilijua hauna maana. Mara tatu nimelipia kupimwa, elfu 20 kila mara. Yupo na aliyechomoa terminali ya betri, akahesabu mpaka 100, akairudisha. Taa ikazima, saa ya gari ikarudi usiku wa manane, na dada wa Kijapani akaanza upya kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Jirani wa namba A akaniambia dawa ni kipande cha tepu nyeusi juu ya taa. Yeye ameziba tatu. Anakwenda Musoma na kurudi.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, nilichokula. Miezi miwili. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana daftari lilionyesha jambo ambalo sikuweza kumweleza mtu mwenye akili: taa ilikuwa inafuata mwezi. Mwezi wa angani. Mbalamwezi ikikomaa, wiki nzima taa haiwaki. Giza likirudi, inarudi. Mjomba wangu kutoka Magu alilisoma lile daftari taratibu, akalifunga, akaniuliza kama nilipolinunua gari kuna ndugu sikumpa lifti.

Kabla mjomba hajanitafutia mtu wa kuoga naye mitishamba, nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Igoma, fundi umeme, hana kompyuta wala kibao. Ana tochi, koleo na kigoda. Nikamweleza yote, hadi la mwezi, nikijua atacheka. Hakucheka. Akauliza:

"Mkeo anafanya biashara gani?"

Nikakunja uso. Nimekuja na gari, tunaingiaje kwa mke wangu? "Anauza dagaa, mzee."

"Anawabeba kwa hili?"

"Kila Jumamosi mchana, kutoka soko la Mwaloni."

"Mbalamwezi je?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokaa chini. Dagaa wa ziwani wanavuliwa gizani, kwa taa. Wanaona mwanga, wanaufuata, wanazungukwa wavu. Mbalamwezi ikiwa angavu taa za wavuvi hazina nguvu, mitumbwi inapumzika, dagaa wanaadimika, bei inapaa, na mke wangu hanunui. Mzee akafungua boneti, akang'oa mfuniko mmoja wa plastiki ambao mafundi wanne waliuheshimu, akamulika. Kiota. Sponji ya viti vya Mjapani, karatasi za risiti zangu za gereji, na vichwa vya dagaa vimepangwa kama sokoni. Mwenye nyumba hakuwepo, alishuka mapema.

Pembeni yake waya wa sensa, umetafunwa, umebaki nyuzi mbili za shaba. Gari likiwa tambarare zinagusana. Likiinamia kilima changu, mawe yakilitikisa, zinaachana. Panya anafuata harufu ya gunia, anakula mzigo, anamalizia kwa waya. Wakati wa mbalamwezi anahamia kwa jirani wa namba A, ambaye kwa tepu zile hawezi kujua.

Mzee akaunganisha waya, akauchoma kwa risasi, akauvisha mpira. Elfu 5. Nimepiga hesabu ya nilizotoa kabla yake: laki 2 na elfu 70, na sensa nzima kabisa niliiacha kwa mtu. Nami nikajiona dagaa. Nilionyeshwa taa, nikaifuata, kila nilikokwenda nikakuta wavu.

Nimepata paka. Analala juu ya boneti kwa sababu ina joto, mikwaruzo amenichorea ramani ya ziwa na visiwa vyake, Ukerewe naiona kabisa. Panya sijamwona akimshika. Lakini taa haijawaka wiki ya tatu sasa, na giza limeingia, kwa hiyo si mwezi.

Jumamosi iliyopita nilimwita mke wangu tukae. Nikamweleza kwa utulivu, kama mkuu wa kaya, habari ya waya, kiota, daftari na mzee wa Igoma. Nikamwambia kuanzia sasa dagaa watakuja kwa bajaji. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza gari lilinunuliwa kwa pesa ya nini.

Nikachukua funguo. Pale Mwaloni yalikuwa yanatusubiri magunia matatu.

"Fungua buti," akasema.