Lord North: ni kweli ndiye aliyeipoteza Marekani?

Wakitajwa mawaziri wakuu wabovu wa Uingereza, jina la Frederick North halikosekani, na shtaka lake huwa moja: aliipoteza Marekani, iliyokuwa makoloni ya Uingereza. Shtaka hilo si la uongo. Lakini linamtwisha mtu mmoja mzigo uliobebwa na wengi, na kosa lake hasa linaachwa bila kuguswa.

North alizaliwa mwaka 1732 katika nyumba ya makabaila. Alisoma Eton, kisha Oxford, na alipofika miaka 22 akaingia bungeni kwa jimbo la Banbury, lenye wapiga kura 18 tu, ambalo familia yake ililimiliki kama shamba. Jina la Lord alipewa kwa heshima tu, kwa kuwa baba yake, Earl wa Guilford, alikuwa hai. Ndiyo maana aliketi Bunge la Makabwela (House of Commons), la wabunge wa kuchaguliwa, si la Mamwinyi (House of Lords), na baba huyo aliishi hadi 1790! Huko kwa makabwela ndiko zilikokuwa nguvu zake. Alikuwa mnene, macho yamemtoka, mwenye mzaha usioumiza, na wapinzani wakimrushia maneno makali yeye alisinzia, au alijifanya kusinzia.

Wanaomtetea huanzia kwenye fedha, na hapo wako sahihi. Alishika hazina tangu 1767, akawa waziri mkuu Januari 1770 bila kuiachia, na katika miaka ya amani alipunguza deni la taifa. Tena ushuru uliowachukiza watu wa makoloni ulikuwa wa mtangulizi wake hazina, Charles Townshend. North aliufuta karibu wote.

Karibu wote. Ulibaki wa chai, peni 3 kwa kila ratili, na hapo utetezi unaanza kuyumba. Baraza la mawaziri lilipopiga kura mwaka 1769, waliotaka ushuru huo ubaki walikuwa 5 na waliotaka ufutwe 4. North alikuwa miongoni mwa wale 5. Angehama upande, sababu ya ugomvi wa chai isingekuwepo. Hata sheria yake ya 1773, iliyokusudiwa kuiokoa Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyouza chai, na kuishusha bei ya chai, iliangukia kwenye kidonda hichohicho: watu wa makoloni hawakuwa wanagombana na bei, waligombana na haki ya kuwatoza watu wasio na mbunge. Desemba mwaka huo, huko Boston, Massachusetts, walimwaga baharini makasha 342 ya chai. North akajibu kwa kuifunga bandari na kuubana utawala wa Massachusetts.

Haki isemwe: sheria hizo za adhabu zilipita bungeni kwa kura nyingi mno, na mfalme George III alizitaka kuliko yeyote. Aliyemlaumu North peke yake baadaye alikuwa anawasafisha wabunge wote walionyoosha mikono.

Mimi ninapomlaumu ni baada ya Oktoba 1777, katika vita ya uhuru wa Marekani, jeshi la jenerali Mwingereza Burgoyne liliposalimu amri Saratoga. Ufaransa ikaingia vitani mwaka uliofuata. North alijua hawezi kazi ya vita, na alimwambia mfalme hivyo mara kwa mara akiomba apumzishwe. Mfalme alikataa. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo wa 1777 mfalme alikuwa amemlipia madeni yake, pauni zipatazo 20,000. Dawa ya deni ni kulipa, na North alilipa kwa kubaki ofisini miaka minne zaidi, huku kila waziri akipigana vita yake kivyake. Wengine huuita huo uaminifu. Lakini uaminifu huo uligharimu maisha ya askari, si ya waziri.

Baada ya jeshi la Uingereza kushindwa Yorktown, Marekani, mwaka 1781, Februari 1782 Bunge lilipitisha hoja ya kuacha vita ya kushambulia Marekani kwa kura 234 dhidi ya 215. Machi akajiuzulu bila kusubiri kung'olewa, na mfalme akamwambia kwamba yeye North ndiye anayemtoroka.

Mwaka uliofuata akaungana na Charles James Fox, aliyekuwa amemshambulia kwa miaka mingi, wakaunda serikali ya mseto. Watu wengi waliona ni ulafi wa vyeo. Mimi sioni ajabu sana: vita iliyowatenganisha ilikuwa imekwisha, na wote wawili sasa walitaka kumpunguzia mfalme mamlaka. Mfalme aliwaelewa vizuri. Desemba 1783, Bunge la Mamwinyi lilipoukataa muswada wao kuhusu India baada ya yeye kupenyeza neno kwamba atakayeuunga mkono ni adui yake, akawafukuza. North hakurudi tena serikalini.